Bodi bapa ya Hilux niliyoiunda nyumbani: uzito, vipimo na jinsi ya kuikalisha kwenye chesesi

Mkulima_Njombe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Niliahidi kwamba nikimaliza kazi ya gari nitaleta maelezo, na leo nimepata nafasi. Nitaandika kwa vipande maana mambo ni mengi. Wenye la kuchangia msinisubiri nimalize.

Gari ni Hilux LN106 ya mwaka 1996, kichwa kimoja (kabini ya mlango mmoja kila upande), injini 3L (hilo ni jina la injini, siyo lita 3), springi za majani mbele na nyuma. Kazi yake ni kutoa parachichi shambani na kuzifikisha kituo cha kufungashia. Matunda yanakaa kwenye kreti za plastiki za sentimita 60 kwa 40, na kreti ikijaa ina kilo 20. Bodi ya kiwandani ilikuwa na yale maboksi mawili ya matairi yanayoingia ndani, kwa hiyo kreti zilikuwa hazikai sawa, nyingine zimeegemea, nyingine zinaninginia. Tunda lililochubuka halina bei. Isitoshe sakafu ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba ukisimama juu unaliona difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli ya nyuma.

Mtaniuliza kwa nini sikupeleka kwa mafundi. Mwaka 2019 kaka yangu alipeleka gari lake kwenye gereji moja, akaundiwa bodi ya chuma kitupu: chaneli nzito (vyuma vya umbo la U), pleti ya milimita 4, yote imechomelewa moja kwa moja kwenye chesesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ili "isicheze". Kila aliyeiona aliisifu. Msimu wa pili gari likaanza kuvuta upande mmoja. Siku tunaliosha, mimi nikiwa chini na brashi ya waya, nikaona mstari mwembamba wa rangi ya kutu juu ya hanga (kishikio cha springi kwenye chesesi) ya mbele ya springi ya nyuma, pale pale mchomo wa bodi ulipoishia. Nikadhani ni tope. Nikapitisha ukucha, ukanasa. Nikamwambia kaka asimame kwenye bampa ya nyuma arukeruke: mstari ukafunguka, ukajifunga, ukafunguka tena. Chesesi ilikuwa imepasuka zaidi ya nusu ya kimo chake. Na jana yake gari hilo lilishuka mteremko likiwa na mzigo na watu watatu.

Kwa hiyo kabla ya kukata hata chuma kimoja nilikaa na daftari nikapiga hesabu ya uzito. Anayetaka kuunda bodi naomba asome hapa, hata kama mengine yote atayaruka.

Hilux hii ni gari la tani moja. Tani hiyo imehesabiwa gari likiwa limeshavaa bodi yake ya kiwandani. Niliposhusha ile ya zamani tuliipima kwenye mizani ya magunia, nusu kwa nusu, ikaja kilo 160. Sasa ukiunda bodi ya kilo 250, zile 90 zilizozidi zinatoka kwenye mzigo wako, unabaki na 910, yaani kreti 45. Ukiunda ya kilo 450, na ya kaka yangu ilikuwa hapo hapo, unabaki na 710, kreti 35. Kreti kumi zinabaki shambani kila safari kwa sababu bodi ni nene. Au unazipakia hivyo hivyo, na chesesi ndiyo inayolipa.

LN85_imelala

Nafuatilia mkuu. Shusha vipimo na idadi ya vyuma tafadhali, kuna gari hapa uani linasubiri.

Mkulima_Njombe

Haya. Sakafu ni futi 8 kwa futi 6, milimita 2440 kwa 1830. Kwa urefu zinaingia kreti 6 upande wa 40, kwa upana 3 upande wa 60, jumla 18 kwa tabaka, na zinabaki sentimita 4 huku na 3 kule za kuingiza vidole. Milango ya pembeni nimeifunga kwa nje ya fremu, siyo juu yake, ili isile nafasi hiyo.

Faida ya pili ya vipimo hivi: 6 na 8 zinakupa ulalo wa futi 10 kamili, ile ile 3-4-5 wanayotumia waashi kupiga msingi. Fremu ikishashikizwa, vuta futikamba kona kwa kona, pande zote mbili zisome 3050. Yangu mara ya kwanza ilisoma 3044 na 3056. Kwa macho huoni kitu, lakini ukichomelea hivyo mlango wa nyuma hautafunga maisha. Niligonga kona ndefu kwa nyundo ya mbao mpaka zikalingana.

Vyuma vyote vinauzwa kwa urefu wa mita 6. Bomba la 100 kwa 50 unene wa milimita 3, moja tu, limetoa mihimili miwili inayolala juu ya chesesi: kilo 32. Skwea paipu za 50 kwa 50 unene 3, tatu. Kila moja inatoa vipande vitatu vya 1830. Nimetumia saba vya kukatiza, nafasi ya sentimita 40 na kidogo kati yake: kilo 55. Viwili vilivyobaki ni akiba. Chaneli ya 75 kwa 40 unene 3, mbili, fremu ya kuzunguka: kilo 30. Sakafu ni mbao za paini za inchi moja: kilo 56. Kingio la nyuma ya kichwa, skwea paipu za 40 unene 2: kilo 18. Milango mitatu ya kimo cha sentimita 30, bati la milimita moja na nusu juu ya fremu ya paipu za 30: kilo 53. Bawaba, makomeo na bolti kilo 8. Jumla 252.

Mashine ya kuchomelea ni inveta ya ampea 200, naitumia kwa umeme wa nyumbani. Rodi 6013 za milimita 2.5, ampea 75 hadi 80 kwa chuma cha unene huu. Angalieni waya wa kuongezea: nilianza na waya mwembamba wa mita 30 na rodi ikawa inaganda kila nikigusa, nikadhani mashine ni mbovu. Nilipoisogeza karibu na soketi na kutumia waya mnene, ikatulia.

ChumaNiChuma

Hongera kwa kujituma mkuu, lakini mimi sikubaliani. Sakafu ya mbao kwa barabara zetu? Msimu wa mvua gari linazama mpaka ekseli, mnalivuta kwa trekta, bodi nyepesi itakunjika. Mimi yangu ni pleti ya maua (ile yenye vinundu juu) ya milimita 4 na chini yake chaneli za inchi 4 kila futi. Nimebeba matofali, kokoto, ng'ombe. Haijawahi kunisumbua.

Mkulima_Njombe

Kaka ukibeba kokoto nakuelewa, kokoto na sepetu vitamaliza mbao zangu kwa mwezi mmoja. Kazi yako na yangu hazifanani. Ila fanya hesabu hii: chuma cha unene wa milimita 1 na ukubwa wa mita moja ya mraba ni karibu kilo 8. Sakafu yetu ni mita za mraba 4.5 hivi. Kila milimita unayoiongeza ni kilo 35. Pleti ya 4 peke yake ni kilo 140 kabla hujahesabu yale maua. Na kuvutwa kwa trekta, kamba inafungwa kwenye ndoano ya chesesi, haifungwi kwenye bodi.

Fundi_Mstaafu_Mby

Vijana, nimeunda bodi za lori na pikapu zaidi ya miaka thelathini, naomba niseme kuhusu huo ufa wa gari la kaka yake mwanzisha uzi, maana wengi wanadhani chesesi hupasuka kwa udhaifu.

Chesesi imetengenezwa ijipinde. Tairi moja ikipanda jiwe, nyingine iko shimoni, zile reli mbili (vyuma viwili virefu vya chesesi) zinasokotana kidogo na kurudi. Mtu na achukue kiberiti, amwage njiti, ashike ile trei ya ndani kwa kona mbili na kuisokota. Inasokotika bila taabu. Sasa aiingize kwenye ganda lake aisokote tena. Inakataa. Ukilazimisha, inachanika konani. Bodi ngumu iliyochomelewa juu ya chesesi ndilo lile ganda. Mahali bodi inapoishia ndipo mkazo wote unapokusanyika, na hapo ndipo ufa ulipotokea.

Moto wa kuchomelea nao unakilegeza chuma cha chesesi pembeni ya mchomo. Ndiyo maana mimi sikuwahi kuchomelea bodi kwenye chesesi, hata mteja akilazimisha. Bolti tu. Na tundu usilitoboe juu wala chini ya reli, ndiko kunakobeba. Ukilazimika, toboa ubavuni, usawa wa katikati. Lakini kwenye Hilux hulazimiki, mabano ya bodi ya zamani yapo pale pale, yatumie.

Kitu kingine wengi hawafanyi: ncha ya mbele ya mihimili ya bodi isikatwe butu. Ikate mshazari, pua iwe nyembamba kwa chini inyanyuke kidogo, ili mzigo uingie kwenye chesesi polepole. Ikiwa butu inakuwa kama patasi, kila shimo la barabara inagonga mahali pamoja.

Mkulima_Njombe

Shikamoo mzee. Nashukuru sana, hilo la pua sikulijua na mihimili yangu nilikuwa nimeikata butu. Nimeishusha bodi leo asubuhi nikaikata mshazari sentimita 15 za mwisho na kuziba matundu kwa kipande cha bati.

Kukalisha nilifanya hivi. Mabano ya kiwandani yako nane, nimetumia yote. Reli za Hilux zina mgongo juu ya ekseli, kwa hiyo mihimili haiwezi kulala moja kwa moja. Nimeweka vipande vya bomba kwenye mabano ya chini mpaka pimamaji ikasoma sawa. Juu ya kila bano kuna raba niliyokata kwenye mkanda mzee wa mashine ya kusaga, unene wa milimita 10. Raba ya tairi kuukuu ina nyuzi za chuma ndani, inakata bolti, niliacha. Bolti ni M12 (unene wa milimita 12) zenye namba 8.8 kichwani, ndiyo alama ya nguvu yake, nati mbili mbili. Manne ya mbele nimeongeza raba na chini ya washa pia, ili mbele iwe laini na nyuma iwe imara kidogo.

Kati ya kichwa na bodi nimeacha sentimita 6. Kichwa kina raba zake na bodi ina zake, vinacheza kila kimoja kivyake.

Fundi_Mstaafu_Mby

Marahaba. Hapo umefanya vizuri. Hakikisha kingio lako nalo limeshikwa na bodi tu, lisiegemee kichwa popote.

MamaMboga_Lushoto

Jamani nimefurahi kukuta watu wanaongelea mbao. Mimi nabeba kabichi na karoti, nina pikapu ya sakafu ya mbao huu mwaka wa sita. Nawaambia msirudie kosa langu: fundi alinishauri nipake oili chafu kuzuia mchwa na maji. Nikapaka mara mbili. Safari ya kwanza ya kabichi, mnunuzi alifungua gunia, akanusa, akaniambia mama hizi zina harufu ya gereji. Nilirudi na mzigo mzima. Harufu ile haikutoka, nilibadilisha mbao zote.

Chakula kinataka mbao iliyopigwa dawa dukani, ikakauka kabisa, kisha varnishi. Na acheni nafasi kati ya ubao na ubao, kidole chembamba kipite, maji yatoke. Zikibanana zinavimba mvua ya kwanza na kuinuka kama mgongo wa nguruwe.

Uzuri wa mbao ni kwamba gunia haliserereki. Kwenye pleti ya chuma, hata ile ya maua, ikilowa ukikata kona mzigo wote unahamia upande mmoja. Na ubao ukioza unabadilisha ubao mmoja.

Swali: mlango wa pembeni ukiushusha unagonga tairi?

Mkulima_Njombe

Dada umenisaidia, nilikuwa na ndoo ya oili imeshawekwa tayari. Nafasi kati ya mbao zangu ni milimita 5, na nimezifunga kwa bolti zenye kichwa cha duara kinachozama, siyo misumari.

Mlango haugongi tairi, unashuka sentimita 30 na unaishia juu ya madigadi. Lakini unafunika taa ya pembeni ukiwa chini, kwa hiyo siendeshi mlango ukiwa umeshushwa hata mita kumi shambani.

Sasa niseme mambo matatu ambayo sikuyafikiria mpaka yaliponikuta.

La kwanza, mdomo wa tangi. Kwenye pikapu mdomo wa kujazia dizeli umefungwa kwenye bodi. Ukiing'oa bodi, bomba linaning'inia. Mimi nililifunga kwa waya kwa muda, kisha nikatengeneza bano chini ya fremu. Siku ya kwanza kituoni, dizeli ikawa inapanda na kumwagika kila baada ya lita mbili. Nilipochungulia nikakuta bomba limepiga tumbo, limeshuka kabla ya kupanda kuingia tangini, na mafuta yanakaa kwenye lile tumbo, hewa haipati pa kutokea. Bomba lazima literemke mfululizo kutoka mdomoni hadi tangini, na kile kimpira chembamba cha hewa kiende juu yake bila kukunjwa. Nilipandisha bano sentimita 7, tatizo likaisha. Na msichomelee chochote karibu na tangi likiwa kwenye gari. Mimi bano nililichomelea mezani nikalifunga kwa bolti.

La pili, erthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Bodi imekaa juu ya raba na imepakwa rangi, kwa hiyo haijagusana na chesesi. Taa za nyuma nilizifungia erthi kwenye fremu ya bodi kama zilivyokuwa zamani. Usiku nikikanyaga breki, indiketa nayo inawaka hafifu. Nikiwasha indiketa, taa zote zinapepesa. Nilihangaika na balbu siku nzima. Kumbe umeme ulikuwa unatafuta njia ya kurudi kupitia taa nyingine. Waya mmoja mweusi kutoka kwenye taa hadi bolti ya chesesi iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma king'ae, ukamaliza kila kitu.

La tatu ni breki, na hili naomba mafundi wanisaidie.

Breki_na_Springi

Nadhani najua unachotaka kuuliza, mkuu. Kuna fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye kivalvu kilichofungwa kwenye chesesi, sivyo?

Mkulima_Njombe

Ndiyo hiyo.

Breki_na_Springi

Hicho kivalvu kinapima mzigo. Gari likiwa tupu, nyuma iko juu, fimbo inakaa mkao mmoja na kivalvu kinapunguza nguvu ya breki za nyuma ili matairi yasijifunge na gari kuzunguka. Ukipakia, nyuma inashuka, fimbo inasogea, na breki za nyuma zinapata nguvu zaidi.

Sasa balaa ni pale mtu anapounda bodi, kisha akaongeza majani mawili ya springi ili gari lisikae chini. Gari limebeba tani lakini nyuma iko juu kama tupu. Kivalvu kinadanganyika, breki za nyuma zinabaki dhaifu, mbele ndiko kunakofanya kazi yote. Kwenye mteremko mrefu breki za mbele zinachemka. Nimeona watu wanaikata fimbo na kuifunga kwa waya juu kabisa. Hapo gari likiwa tupu kwenye tope au mvua, nyuma inakimbilia mbele.

Kama hujaongeza springi, na bodi yako imezidi ya zamani kwa kilo 90 tu, acha fimbo ilivyo. Kama umeongeza, fimbo irekebishwe urefu na fundi anayejua kupima presha, asikadirie kwa macho.

Mkulima_Njombe

Sijaongeza hata jani moja. Na hii ndiyo sababu nyingine ya kung'ang'ania bodi nyepesi: ukianza na bodi nzito unaongeza springi, ukiongeza springi unaharibu breki.

Kipsoi_Eldoret

Habari zenu ndugu wa Tanzania. Mimi niko Eldoret, nina Isuzu D-Max ninayotaka kufanyia kazi kama hii kwa ajili ya maziwa na nyasi za ng'ombe. Hapa kwetu fundi wa jua kali atakuundia haraka, lakini nataka niishike kazi mwenyewe kama huyu mkuu. Swali langu ni kuhusu mpangilio wa mzigo. Bodi ikiwa ndefu kuliko ya kwanza, si itainua mbele?

Halafu wale wa Kenya msisahau logbook, hati ya umiliki wa gari. Aina ya bodi imeandikwa mle. Ukibadilisha, rekebisha na uifanyie ukaguzi, la sivyo siku ya ajali bima wanaanza na swali hilo.

Mkulima_Njombe

Karibu sana Kipsoi. Huku kwetu pia kadi ya gari ina aina ya bodi, nilipita TRA (Mamlaka ya Mapato) kuuliza kabla sijaanza.

Swali lako ni zuri na nimelipigia hesabu. Kwenye gari langu, kutoka kwenye kingio hadi usawa wa ekseli ya nyuma ni mita 1.07. Katikati ya sakafu ni 1.22. Kwa hiyo katikati ya bodi iko nyuma ya ekseli kwa sentimita 15. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 2.85.

Kreti 45 maana yake ni matabaka mawili kamili, 36, na 9 za juu. Matabaka mawili yana kilo 720 na katikati yake ni sentimita 13 nyuma ya ekseli. Zile 9, kilo 180, ukizipanga juu ya nusu ya mbele, karibu na kingio, katikati yake inaangukia sentimita 47 mbele ya ekseli. Zidisha, toa, gawanya kwa 2.85: ekseli ya mbele inapungukiwa kilo 3 tu. Ni kama hakuna kitu.

Chukua kreti zile zile 9 uziweke nusu ya nyuma, karibu na mlango, kwa sababu ndiko rahisi kupakia. Sasa ziko sentimita 73 nyuma ya ekseli. Mbele inapungukiwa kilo 79. Uzito wa gari ni ule ule, kreti ni zile zile 45, lakini usukani unakuwa mwepesi mkononi na breki za mbele zinashika vibaya kwenye changarawe. Vijana wangu wa kupakia nimewachorea mstari mwekundu kwenye milango ya pembeni: tabaka la tatu haliuvuki.

Kwenye D-Max yako pima mwenyewe namba hizo tatu, hesabu ni ile ile. Kama inakuja vibaya, fupisha bodi sentimita 20. Ukisema utaacha urefu na kuwa mwangalifu, siku usiyokuwepo watapakia nyuma.

ChumaNiChuma

Mkuu nimesoma yote. Nimepima umbali kwenye yangu, katikati ya bodi iko sentimita 40 nyuma ya ekseli. Na kokoto huwa namwaga nyuma kwa sababu sepetu inafika hapo. Kumbe ndiyo maana likiwa na mzigo linayumba.

Mkulima_Njombe

Kaka, lala chini na tochi na brashi ya waya leo leo. Angalia juu ya hanga za springi, upande wa ndani na wa nje, na kila mahali mchomo unapoishia. Safisha mpaka uone chuma, pitisha ukucha.

LN85_imelala

Mkuu fremu yako haikupinda wakati wa kuchomelea? Mimi geti langu lilipinda kama upinde.

Mkulima_Njombe

Ilipinda. Nilianza upande mmoja nikaenda moja kwa moja hadi mwisho kwa sababu kazi ilikuwa inanoga, nikageuza na kukuta katikati imeinuka milimita 8. Moto huvuta chuma upande unaochomwa. Nilikata michomo minne kwa grenda nikaanza upya: fremu juu ya viguzo sita vilivyosawazishwa kwa pimamaji, imebanwa kwa klampu, nashikiza kila kiungo kwanza, kisha nachoma kipande cha sentimita 3 kona hii, nahamia kona ya mbali, narudi katikati, na kuacha chuma kipoe mpaka mkono uvumilie. Ilichukua siku mbili badala ya moja, ikabaki milimita 2, na hizo bolti zimezivuta.

Ukinunua paipu za mabati, zikwangue ule ung'avu wote pale unapochoma, na fanya kazi nje penye upepo. Moshi wake unaleta homa ya usiku kucha. Rangi nimepiga redi oksaidi mara mbili, na ndani ya paipu nimemimina kidogo kabla ya kuziba ncha, nikiacha tundu dogo chini la kutolea maji.

MamaMboga_Lushoto

Tupe taarifa baada ya msimu kaka.

Mkulima_Njombe

Narudi kama nilivyoahidi, miezi mitatu na safari kama arobaini hivi zimepita.

Nati zilihitaji kukazwa mara mbili: baada ya safari ya kwanza zilikuwa zimelegea karibu robo mzunguko zote nane, kwa sababu raba ilikuwa inajibana, na tena baada ya kilomita 500. Tangu hapo hazijasogea, nimezipiga alama ya rangi ili nikichungulia nione kama imehama. Ubao mmoja wa katikati umepata ufa mahali penye kifundo, nitaubadilisha. Bawaba ya mlango wa kushoto imelegea, niliifunga kwa bolti ndogo ya M8, naweka M10.

Jumapili nililala chini ya gari na tochi, nikakwangua juu ya hanga za springi zote mbili na kwenye pua za mihimili. Rangi iko nzima, ukucha haujanasa popote.

ChumaNiChuma

Mimi nilikuta ufa kulia, urefu wa kidole gumba. Bodi nimeishusha jana. Fundi wa chesesi anakuja Alhamisi. Mzee Fundi Mstaafu, nakuomba unielekeze kabla hajafika: kuhusu kuuziba ufa huo, nimwambie nini?

Fundi_Mstaafu_Mby

Mwambie kwanza atoboe tundu dogo mwisho wa ufa usiendelee mbele, ndipo auchimbe wote kwa grenda na kuujaza. Betri itolewe, erthi ya mashine ishikwe karibu na kazi, mabomba ya breki yasogezwe. Pleti ya kuongezea nguvu iwekwe ubavuni, ncha zake zikatwe mshazari, na asichomelee kuvuka juu wala chini ya reli. Akianza, nipigie picha kabla hajapaka rangi.